Nimefungua darasa langu mtandaoni: haki zangu ni zipi, na deni langu kwa wanafunzi ni lipi?

Mwalimu mmoja wa kemia kutoka kaunti ya Kilifi ameniandikia barua ndefu, naifupisha hapa. Anafundisha shule ya upili ya serikali, ameajiriwa na TSC, ile tume ya serikali ya kuajiri walimu, na tangu shule zilipofungwa Machi 2020 amekuwa akirekodi vipindi kwa simu yake na kuvitia YouTube, tena ana grupu la WhatsApp ambalo linki yake iko wazi, anayetaka anaingia, mpaka leo wamo wanafunzi wa kaunti nyingi ambao hajawahi kuwaona kwa macho. Mwaka huu mambo yamempata kwa mpigo. Notsi zake zinauzwa huko Telegram na Facebook kwa shilingi 150, jina lake limefutwa. Mwalimu mkuu amemwambia video zote ni mali ya shule na akabidhi chaneli. Na mzazi mmoja amekuja shuleni analia, manake binti yake wa kidato cha pili anaonekana kwenye video akishindwa kubalansi ikwesheni ubaoni mara tatu huku wenzake wanacheka, kipande hicho kimekatwa kimezungushwa kila mahali, na mtoto sasa hataki kurudi shule. Mwishoni akaongeza, kama jambo dogo tu, kwamba kuna wanaume wasiojulikana walikuwa wanawaandikia wasichana wa grupu usiku, "ila nimeshawatoa." Anauliza: mimi nina haki gani hapa, wajibu wangu unaishia wapi, na je nifunge kila kitu?

Mwalimu mwenzangu, nimeisoma barua yako mara mbili na nitakujibu kwa mpangilio wangu si wako, usinichukie. Wewe umeanza na notsi, mimi naanza na yule mtoto.

Hiyo video iondoe leo. Usingoje kikao na mzazi, usingoje mwalimu mkuu aamue, wala usijiambie kwamba kipande kimeshasambaa kwa hiyo kuondoa hakusaidii kitu. Kunasaidia. Kila siku video asili ikiwa juu kuna mtu mwingine anaikata upya. Na ile iliyokwisha sambaa iripoti pale ilipo, YouTube na Facebook zote zina fomu ya malalamiko ya faragha na mzazi anaweza kuijaza kwa niaba ya mtoto wake, msaidie mama wa watu kuijaza manake pengine hajui hata kama ipo.

Najua utaniambia uliwauliza darasani "nani hataki kurekodiwa?" na hakuna aliyeinua mkono. Hiyo si idhini bwana. Mtoto wa miaka 15 mbele ya mwalimu anayemsahihishia mtihani, wenzake arubaini wanamtazama, atasema hapana vipi? Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inataka mambo mawili kabla hujatumia taarifa za mtoto, na picha yake na sauti yake ni taarifa zake: idhini ya mzazi au mlezi, na zaidi ya hiyo idhini, kile unachofanya kiwe kinalinda na kuendeleza haki na maslahi ya mtoto mwenyewe. Yaani hata mama angetia sahihi, ungebaki na swali la pili, je hii video inamfaa huyu mtoto? Video ya mtoto anayechekwa haimfai. Ilikufaa wewe kwa sababu lile kosa lake ndilo wanafunzi wengi hulifanya, na kwa kufundishia lilikuwa kosa zuri sana, nakubali kabisa, lakini ungeweza kuliigiza wewe mwenyewe ubaoni na somo lisipungue hata kidogo.

Na usidhani hii sheria ni ya kutishia benki na kampuni za mikopo peke yake. Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuposti picha za watoto bila idhini ya wazazi wao. Milioni nne na nusu, kwa picha ambazo pengine aliyeziposti alikuwa anaona anaitangaza shule vizuri.

Nikuambie langu pia. Wakati wa korona nilikuwa naendesha darasa la ushairi kwa voisi, kijana mmoja alinitumia sauti yake akighani shairi, ana kigugumizi kidogo, lakini alikuwa na kipaji cha ajabu, nikaipeleka voisi ile kwenye grupu kubwa kwa furaha yangu ya kumsifu. Ndani ya saa moja watu wameigeuza stika. Nilimpigia kuomba radhi akaniambia "hamna neno mwalimu," na tokea siku ile hakunitumia tena shairi hata moja. Nilikuwa na nia nzuri kabisa. Nia yangu haikumrudishia kitu.

Kwa hiyo pale ambapo watu wa elimu huria, wale wanaotaka masomo yawe wazi kwa kila mtu, wanasema fungua, fungua, nami ni mmoja wao, mimi huuliza unafungua nini. Somo ni lako, lifungue upendavyo. Mwanafunzi si wako wa kumfungua. Ukirekodi, kamera ielekee ubaoni na mikononi mwako, sauti za maswali yao zirudie wewe kwa mdomo wako, majina yasitajwe, beji ya shule isionekane, na ile tabia ya kuposti orodha za maksi na majina na nambari za usajili iachwe kabisa. Video za zamani zilizo na nyuso, YouTube ina kifaa cha kufifisha nyuso humo humo ndani ya sehemu ya kuhariri, si kazi ya kuajiri mtu. Zile usizoweza kufifisha, zifiche mpaka upate muda.

Sasa hao wanaume wa usiku. Hapa nitasema kwa uzito kidogo kwa sababu umelitaja kama kitu kilichokwisha. Kuwatoa kwenye grupu hakujamaliza chochote, nambari za wasichana wanazo, kwa sababu kwenye grupu la kawaida la WhatsApp kila mtu anaona nambari ya kila mtu. Yaani wewe kwa kuacha linki wazi uliwapa watu usiowajua orodha ya nambari za watoto, na sikuambii hivi kukulaumu, wengi wetu tulifanya hivyo hivyo 2020 tukiwa na haraka ya kuwafikia watoto, lakini sasa tunajua. Waraka wa TSC nambari 3 wa 2010 kuhusu kuwalinda wanafunzi dhidi ya dhuluma za kingono unamtaka mwalimu anayejua jambo aripoti, na anayenyamaza au kuficha anaweza kuchukuliwa hatua yeye mwenyewe. Usianze kupima kama ujumbe ulikuwa "mbaya sana" au "wa kawaida tu," hiyo si kazi yako, kuna watu wamesomea. Hifadhi skrinishoti pamoja na nambari na tarehe, usizizungushe kwa walimu wenzako hata kwa nia ya kuonya, mpe taarifa mwalimu mkuu kwa maandishi, wajulishe wazazi wa hao wasichana, na piga 116, ile ni simu ya bure ya kusaidia watoto. Kama kuna aliyetumiwa au kuombwa picha, hilo ni la polisi siku hiyo hiyo.

Kisha hamisha watu. Notsi na matangazo yapeleke kwenye chaneli ya WhatsApp au ya Telegram, huko wafuasi hawaonani nambari, mtu yeyote duniani anaweza kusoma na hakuna anayemjua mwenzake. Maswali na majadiliano yawe kwenye grupu dogo la wanafunzi wako unaowajua, lenye mwalimu mwingine kama admini wa pili, ikiwezekana na mzazi mmoja. Komenti za YouTube ziweke zisubiri uzipitie kwanza. Na mwanafunzi akikuandikia inboksi saa nne usiku swali la moli, mjibu kesho yake kwenye grupu, "kuna aliyeuliza hivi," bila jina. Hiyo inamlinda yeye na inakulinda wewe pia, mwalimu mwenye mazungumzo ya siri na wanafunzi hana utetezi siku atakaposingiziwa.

Haya, tuje kwenye notsi zako, na hapa nipo upande wako mia kwa mia.

Kitu kuwa bure mtandaoni hakimaanishi hakina mwenyewe. Hakimiliki Kenya inaanza pale kazi inapoandikwa au kurekodiwa, huhitaji kusajili popote ndipo uwe nayo, na inadumu maisha yako yote na miaka 50 baada yake. Kusajili pale KECOBO, ile bodi ya hakimiliki, kunakupa ushahidi mzuri siku ya ubishi ndiyo maana nakushauri usajili, ila sio sharti. Tena Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ina haki nyingine ambayo walimu hawaijui, haki ya kutambuliwa kuwa wewe ndiwe uliyeandika na ya kupinga kazi yako kuharibiwa. Aliyefuta jina lako kakukosea mara mbili, kauza na kafuta.

Lakini ulitoa kwa ruhusa gani? Hili swali ndilo linaloamua. Ukiniambia niliandika tu "jisomeeni jamani, sambazeni," basi umetoa ruhusa ya kusoma na kusambaza na hukutoa ya kuuza, ila mwuzaji atabishana nawe na nusu ya siku itapotea hapo. Ndiyo maana kuna leseni za Creative Commons, zipo tangu 2002, ni sita, unaandika mstari mmoja chini ya kila ukurasa na kila kitu kinajulikana. CC BY inaruhusu yeyote kutumia, hata kuuza, mradi akutaje. CC BY-NC inakataa biashara. CC BY-NC-SA inakataa biashara na inamtaka aliyeboresha notsi zako azitoe kwa masharti yale yale, na kwa mwalimu wa hali yako mimi hupendekeza hiyo. Jihadhari na mambo mawili tu. Ukishatoa leseni hizi huwezi kuirudisha kwa nakala zilizokwisha toka, kwa hivyo amua ukiwa umetulia sio ukiwa na hasira na mwuzaji. Na pili, pale YouTube ukiona chaguo la Creative Commons kwenye setingi za video, ile ni CC BY tupu, ile ya kuruhusu biashara. Nimeona walimu wanabofya pale wakidhani wamejikinga kumbe wamefungua mlango wa duka. Ukitaka NC bakisha leseni ya kawaida ya YouTube, uandike masharti yako kwenye maelezo ya video.

Kwa yule mwuzaji, anza na mafaili yako ya asili, yale yenye tarehe, na ujumbe wa kwanza uliotuma kwenye grupu, hiyo ndiyo risiti yako. Mwandikie mara moja, kwa adabu, umpe siku chache. Akinyamaza peleka malalamiko ya hakimiliki kwa Facebook na kwa Telegram, na mabadiliko ya sheria ya 2019 yameweka utaratibu wa kumpelekea mtoa huduma notisi ya kuondoa kazi iliyoibwa, KECOBO watakuelekeza. Usimtukane hadharani na usiposti nambari yake, utajiharibia kesi.

Halafu mwalimu, niwie radhi, fungua notsi zako mwenyewe utazame. Ile michoro ya vifaa vya maabara uliichora au uliikata kutoka kwenye kitabu cha mchapishaji? Maswali ya rivisheni ni yako au ni ya KNEC, baraza la mitihani, neno kwa neno? Darasani kwako sheria inakupa nafasi ya kutumia vipande vya kazi za watu kwa kufundishia, kuvipakia kwa ulimwengu mzima ni habari nyingine, mitihani ya KNEC ina mwenyewe na vitabu vina wenyewe. Chora michoro yako kwa mkono, piga picha, hata kama haikunyooka. Tunga maswali yako. Huwezi kwenda KECOBO na notsi ambazo theluthi moja ni za mtu mwingine. Na palipo na kosa la kemia, lisahihishe kwa kuonekana, andika "ilisomeka hivi, sahihi ni hivi, tarehe fulani," manake kosa la ubaoni hufutika kengele ikilia, la mtandaoni mtoto wa mwaka kesho atalikuta pale pale.

La mwalimu mkuu ni gumu kidogo na sitaki kukupa jibu la kukufurahisha. Kifungu cha 31 cha hiyo Sheria ya Hakimiliki kinasema kazi ikitengenezwa na mwajiriwa katika kazi aliyoajiriwa kuifanya, hakimiliki huhesabiwa imehamia kwa mwajiri, isipokuwa kama kuna makubaliano kinyume chake. Wewe umeajiriwa kufundisha kemia, na video ni za kemia. Hapo pana hoja, siwezi kusema hapana. Lakini tazama neno lenyewe: mwajiri. Mwajiri wako ni TSC. Sio shule, sio mwalimu mkuu. Ungekuwa mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule mambo yangekuwa mengine, lakini kwako wewe prinsipali akisema "kabidhi chaneli" anadai kitu ambacho hata kama kingekuwa si chako, bado kisingekuwa chake. Halafu kuna tofauti kati ya kipindi ulichorekodi saa nne asubuhi ndani ya maabara ya shule mbele ya darasa, na kile ulichorekodi Jumamosi usiku jikoni kwako kwa simu yako na bando lako. Cha kwanza kina shaka. Cha pili ningekitetea mbele ya mtu yeyote. Na haki ya jina lako kutajwa inabaki kwako hata hakimiliki ikihama.

Ila mwalimu mkuu naye ana lake la haki, tusimnyime. Ana haki ya kukataza kurekodi ndani ya shule, ana haki ya kusema jina la shule na yunifomu zisitumike, na lile la mtoto kuchekwa limemfikia yeye mezani kabla halijakufikia wewe. Usiende kwake na kifungu cha sheria mkononi kama panga. Nenda na pendekezo la ukurasa mmoja: chaneli ni yangu, haitataja shule, hakuna mwanafunzi atakayeonekana, sirekodi tena wakati wa vipindi, na shule inaruhusiwa kutumia video zote bure milele. Mwombe atie sahihi nawe utie. Ile sheria inasema "isipokuwa kama kuna makubaliano," basi tengeneza ushahidi wa makubaliano, na nakala nyingine iandikie TSC uulize msimamo wao kwa maandishi. Akishikilia, chama chako, KUPPET au KNUT, kipo kwa ajili ya siku kama hii.

Pesa hukuuliza lakini naona umetaja tili namba ya kupokea malipo, kwa hiyo nitalisema haraka. Kwa wanafunzi unaowafundisha na kuwapa maksi usichukue hata senti, kwa sababu mtoto ambaye mzazi wake hakulipa atajua hakulipa, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeshakataza tuisheni ya likizo, kuiita "darasa la mtandaoni" hakubadilishi kitu. Na lisilofundishwa darasani kwa sababu "liko YouTube" lisiletwe kwenye mtihani wako, wapo watoto hapo kwako ambao simu ya nyumbani ni kabambe, ile isiyo na intaneti, na bei ya bando ni bei ya unga wa jioni. Weka PDF nyepesi, weka sauti peke yake, chapisha nakala chache uzibandike ukutani.

Na wewe una haki ya kulala. Nasema hivi kwa sababu umeandika saa nane usiku na umesema hujapumzika Jumapili hata moja tangu muhula uanze. Pendekezo la ILO na UNESCO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya kazi na ya elimu, kuhusu hadhi ya walimu, lile la tarehe 5 Oktoba 1966 ambalo ndilo sababu ya Siku ya Walimu Duniani kuwa tarehe hiyo, linazungumzia saa za kazi, mapumziko na heshima ya mwalimu, na halikuandikwa kwa ajili ya walimu wa Geneva peke yao. Andika saa zako juu ya grupu, ukimaliza zima simu. Anayekutukana kwenye komenti mfute bila kujieleza. Sura yako nayo ni data yako, anayekata video yako kukufanyia dhihaka unaweza kumripoti vile vile kama ulivyomripotia yule mtoto.

Nifunge kila kitu? Hapana. Umeniambia kuna msichana wa Tana River aliyekuandikia kwamba shuleni kwao hawajawa na mwalimu wa kemia tangu kidato cha kwanza, na anasoma kwa video zako akizidaunlodi sokoni siku ya gulio. Huyo ukimfungia atakwenda wapi? Funga grupu, fungua chaneli, ficha video zote wiki hii kisha uzirudishe moja moja kila unapoipitia, ukianza na zile alizokuwa anazitumia huyo.

Ila kwanza nenda nyumbani kwa yule mama. Usiende na fomu ya idhini wala usimwite shuleni, nenda kwake, mwambie video imeondolewa na kwamba kosa ni lako, halafu muulize binti mwenyewe, mamake akiwepo, angependa darasa liambiwe nini siku atakaporudi. Akisema lisiambiwe kitu, lisiambiwe kitu. Akisema mmoja wa waliocheka naye apelekwe ubaoni, mkatalie kwa upole, kisha mfundishe hiyo ikwesheni pale pale mezani mpaka ibalansi.